Jiwe la Kilo Moja

Daftari lina jalada jeusi, nalifunga kwa mpira.
Ukurasa wa kwanza: akiba, miezi kumi na minne.
Wa pili: ada ya Mwanjaa, mwaka wa mwisho Morogoro.
Wa tatu: gari la kampuni, la kurudisha,
na baiskeli, ya kununua. Hapa Tanga hilo si aibu,
nusu ya mji imepanda, nusu inasukuma.
Wa nne juu nimeandika: Mwanakombo.
Chini yake sijaandika kitu.

Miaka hamsini na miwili, ishirini na mitatu kiwandani,
mkurugenzi wa fedha, saruji kwa tani.
Vumbi lile jeupe linaloamka Pongwe kabla ya jogoo
silijui kwa pua, nalijua kwa safuwima.
Tani elfu arobaini. Tani elfu arobaini na moja.
Mfuko nimebeba mmoja tu, ghalani, mbele ya vijana;
mgongo ulinisomea taarifa ya hasara.

Yaliyonifikisha hapa ni madogo, naona haya kuyataja.
Mzani wa machungwa pale Ngamiani, mkono umepinda.
Muuzaji aliupiga kofi kama mtoto mtukutu,
sindano ikatulia palepale alipotaka.
"Kilo tatu, mzee."
Nikalipa. Nyumbani nikapima: mbili na robo tatu.
Nilikasirika, si kwa pesa, nilikasirika kama mhasibu,
halafu, sijui vipi, nikafurahi.
Usiku ule niliufungua mzani wa jikoni
kwa bisibisi ya cherehani.

Sasa gereji ina mizani kumi na saba,
springi kwenye kopo la maziwa, mawe ya shaba.
Jumamosi naenda kwa fundi Mbaruku, Chumbageni.
Ana miaka thelathini na moja, ananiita kijana.
"Kijana, usibane hivyo. Mzani haubembelezwi."
Mimi, ambaye nikiingia kikaoni watu husimama,
nashika tochi, namwangazia.

Mwanakombo alilikuta daftari Jumanne.
Alisoma polepole, kama anayechambua mchele,
akafika wa nne, akaliona jina lake na uwazi ule.
"Hapa ulitaka kuandika nini?"
Nikasema, gharama.
"Andika basi," akasema, akaenda kuzima jiko.
Hatukuzungumza mpaka Alhamisi.
Alhamisi akauliza: "Kwenye harusi za watu watakutambulishaje?"
Sikuwa na jibu. Sina.
Cheo ni koti la suti katika joto hili:
unalilaani mchana kutwa,
ukilivua hujui mikono uiweke wapi.

Shuleni walitufundisha kuwa hata shairi lina mizani,
nane kwa nane, ulimi ukihesabu.
Nikajaribu ubeti mmoja, nyuma ya taarifa ya bodi:

   Nimekaa ofisini, hesabu nikizisoma,
   Tani na juu ya tani, mgongo wangu mzima,
   Leo nashika mzani, mkono wanitetema,
   Kilo moja mkononi, uzito wake wasema.

Imetimia. Pengine ndiyo hesabu pekee
niliyoifunga mwaka huu bila kuizungusha.

Barua ya kujiuzulu iko kwenye droo, haina tarehe.
Juzi nilimrekebishia yule wa machungwa mzani wake.
Akaweka jiwe la kilo moja,
sindano ikaenda ikasimama kwenye moja, kimya, kama imefika kwao.
Akautazama. Akanitazama.
"Mzee, umeniharibia mzani."
Hakulipa.
Nikacheka njia nzima, hadi kwenye reli.

Leo asubuhi, ukurasa wa nne una mwandiko usio wangu,
kwa penseli, herufi za kuegemea kushoto:
Kiti kimoja. Gereji haina mahali pa kukaa
mtu anayekuja kutazama.
Bei hakuandika.