Jicho Lisilo na Mpira

Chumba chetu ni stoo ya mafagio, chini ya ngazi.
Muthengi amekalia ndoo iliyopinduliwa,
mimi kreti ya soda.
Sankale hajakaa.
Julai ya Nairobi imeingia hadi kwenye filimbi:
ukiitia mdomoni, meno yanashtuka.

Mpira tumeshaukagua. Muthengi aliuachilia toka begani,
ukarudi hadi kiunoni, akaguna.
Akiguna hivyo, ameridhika.
Meza tumeshaisalimu: mwandishi wa alama ana kalamu mbili;
saa ya sekunde ishirini na nne huruka kumi na tatu,
na kijana wake anaapa ataitaja kwa mdomo.
Kikapu cha upande wa Barabara ya Jogoo, paa linavuja.
Tuliomba tambara, tukaletewa fulana ya mtu.

"Haya," asema mkuu. Anaazima chaki yangu,
maana mfuko wa mwalimu haukosi chaki hata Jumapili,
anachora sakafuni mstatili, mstari wa kati, vikapu viwili.
"Mpira ukiwa hapa, Nekesa, ni wako.
Ukiwa wako, si wangu.
Mimi nina wale wanne wanaosukumana kiuno kwa kiuno
wakidhani hawana shahidi."

Miaka tisa najifunza jambo hilo moja.
Ukumbi mzima, shingo mia nane zinaufuata mpira
kama kuku mkono wenye mtama,
na mimi nalipwa nigeuze uso
(nalipwa; ila za Mei bado).
Nyumbani mwanangu huuliza: Mama, ile dunki uliiona?
Sikuiona.
Niliona kisigino. Niliona kiwiko,
kidole kilichong'ang'ania pindo la jezi.

Filimbi mbili zikilia pamoja?
Tutazamane kwanza. Mwenye eneo ndiye mwenye neno.
Ngumi juu, kisha pumzi, kisha ndiyo usogee.
Kocha wa wageni ana domo: mpe sikio, usimpe uso.
Akiuliza, jibu. Akipiga kelele, hajauliza.

"Na nikikosea?"
"Utakosea, Sankale. Kosea ukiwa karibu."

Ndipo akainama kufunga kamba
ambayo ilikuwa imeshafungwa.
"Namba saba wa wenyeji," akakiambia kiatu,
"Lemayian. Mwaka ule karo iliponishinda
aliuza simu yake, nikaufanya mtihani."

Tone likaanguka juu ya fulana ya mtu, huko nje.
Nilidhani nimelisikia.

Muthengi hakumkemea.
Akaandika saba katika uwanja wetu wa chaki,
akaizungushia duara.
"Ungelificha, lingekuwa lako.
Umelisema, ni letu watatu.
Akija upande wako usimwonee,
wala usimwonee haya.
Na pale pa kupuliza ukinyamaza,
kijana, tutausikia ukimya wako."

Tunasimama. Goti langu la kushoto linatoa salamu zake.
Mashati ya kijivu ndani ya suruali, viatu vimekula kiwi,
mifuko mitupu: funguo hapana, sarafu hapana.
Pete naifunga kwenye leso, leso ndani ya kiatu cha nyumbani.
Sankale anaufuta uwanja kwa soli yake,
mstari wa kati, vikapu, duara.
Saba inagoma kidogo. Anairudia.

Mlango una bawaba moja, hufunguliwa kwa bega.
Tarumbeta. Harufu ya smokie na kachumbari.
Mtu ninayemfundishia mtoto hesabu
ananiita kipofu kabla hata sijaona kitu.

Muthengi anakwenda katikati, mpira kiganjani.
Warefu wawili wanakunja magoti.
Mpira unapaa, na ukumbi wote unapaa nao, nyuso, simu, videvu.

Natazama ng'ambo.
Sankale ameuacha uende.
Macho yake yako chini, kwenye miguu ya watu.

Filimbi imeshapata joto la mdomo.