Daftari la Siku za Kazi

Baba aliniachia daftari, si ng'ombe.
Ng'ombe walikwenda na kiangazi cha mwaka ule
ambao hata lambo lilipasuka midomo.
Daftari limebaki, jalada la kaki,
pembe moja imeliwa na mchwa
aliyeonja hesabu za watu, akaziona chungu, akaacha.

Tulihamishwa kutoka Mahindulo ya zamani,
lori moja kwa kaya nne.
Tembe ilibomolewa boriti kwa boriti,
maana mti wa kujengea Ugogo hauokotwi njiani.
Bibi Mbeleje alipakata jiwe lake la kusagia
akakataa kulishusha mpaka aonyeshwe mlango.
Mlango haukuwapo.
Palikuwa na vigingi, namba za chokaa,
na upepo.

Shamba la wote lilipakana na tuta la reli iliyong'olewa,
upande wa Kongwa, pale Mwingereza
alipozika fedha akingoja ziote karanga.
Kila msimu jembe liligonga chuma chake:
nati, mnyororo, jino la trekta.
Na chini ya chuma, shanga nyekundu
za wapagazi waliolipia maji ya visima vyetu
kabla Mwingereza hajajua
kwamba kuna mahali hapa pa kukosea.
Sisi watoto tulichanganya vyote kwenye kopo moja.

Baba alikuwa karani.
Jioni alichora: mstari mmoja, siku moja,
minne imesimama, wa tano umelala juu yao.
Nasoma.
Mwaluko, kumi na tisa, *alipeleka mtoto kliniki*.
Nyemo, ishirini na minne.
Mazoya, mitatu, na pembeni kwa wino mwekundu:
*anasema mgongo*.
Kijiji kizima kiliujua mgongo wa Mazoya,
ulivyopona Jumamosi, ukacheza ngoma.

Sisemi ilikuwa pepo.
Sukari ya duka la ushirika iliyeyuka bila chai,
na bwana shamba alitufundisha mtama
kana kwamba mtama haukutulea.
Lakini siku ya kugawa, uwele ulimwagwa uwanjani
ukawa kilima kinachozidi kimo cha baba,
na watu walinyamaza kidogo
kabla ya kuanza kugombana.

Halafu kuna ukurasa huu.
Matika, mke wa marehemu Chibago.
Tulimzika Februari, shimo likachimbwa kwa sululu
kwa kuwa ardhi ilikataa jembe.
Machi ana mistari ishirini na mitano.
Aprili, ishirini na sita.
Mei hakukosa hata siku moja.
Juni, thelathini na moja.

Juni haina siku thelathini na moja.
Baba, aliyehesabu hata mabua,
aliyemkata mjomba nusu siku kwa kuchelewa,
alimwongezea marehemu siku ambayo kalenda haina.
Chini yake madole gumba ya kamati, saba,
mojawapo la Mazoya, nalijua kwa kovu.
Wote walikuwa makaburini. Wote waligusa wino.
Magunia matatu yakaenda kwa watoto watatu.

Shamba lile leo ni mizabibu ya mtu wa mjini,
ua wa nyaya, lindo, mbwa.
Wendo, binti mkubwa wa Matika,
anapogoa huko kwa kibarua cha kutwa.
Nilimwonyesha ukurasa kupitia kwenye waya.
Hakusoma, alihesabu kwa kidole,
polepole, akirudia mafungu ya tano,
na alipofika mwisho wa Juni alicheka
mpaka akashika nguzo.
"Kumbe mama alilima hata akiwa chini," akasema.
Akafuta macho kwa kiwiko, mkasi mkononi.
"Mama huyo! Na siku ya thelathini na moja
alikwenda wapi?"

Nikatafuta jibu.
Msimamizi akaita kutoka mwisho wa mstari.
Wendo akarudi kwenye mizabibu,
bado anacheka, bado anahesabu.