Sufuria Sita na Kidumu

Kwetu Kigoma, ng'ambo si Ulaya.
Ng'ambo ni ile milima ya Kongo
inayojitokeza mvua ikishaosha hewa,
na huko ndiko nilikolinda watu wa watu
miezi kumi na mitatu badala ya sita,
kwa kuwa homa ilifunga barabara, ikafunga anga,
ikafunga hata zamu yetu ya kurudi.

Huko tuliambiwa: usimpe raia mkono.
Mtoto akikukimbilia, rudi nyuma hatua mbili.
Umewahi kumkimbia mtoto
umevaa kofia ya chuma, bunduki begani?
Anacheka. Anadhani ni mchezo. Anakufuata.

Tukavuka ziwa usiku. Alfajiri, gatini,
daktari akanielekezea kipimo kwenye paji la uso
nami nikajikuta nimeinua mikono juu.

Siku kumi na nne, akasema Kapteni.
Bweni la shule, kitanda na kitanda mita mbili.
Hakuna kutoka. Hakuna mgeni.
Kinachoingia hakitoki.

Dirishani naliona bati la nyumba yangu, Katubuka,
lile lenye tairi juu yake lisipeperuke.
Nimevuka ziwa zima,
nimeshindwa kuvuka barabara.

Siku ya pili Mwavita akaleta migebuka kwa mawese.
Kuruta wa langoni akaipokea kwa fimbo ndefu
kama anayetoa nyoka darini.
Sufuria ikaingia. Haikutoka.
Siku ya nne, ugali na sombe. Haikutoka.
Ya sita ikaja na karatasi:
"Baba Tausi, nyumbani imebaki ya chai.
Unakula, au unafungua duka?"

Mita mbili kutoka kwangu, Koplo Luhende,
mtu wa Kaliua, asiye na ndugu Kigoma ila reli.
Mama yake alimtumia asali kwa treni,
kidumu cha lita tano,
nacho, kwa amri ileile, kikawa mfungwa.
Alinipimia kwa kifuniko, asubuhi na jioni,
akikisukuma kwa ufagio hadi kwenye mstari wa chokaa,
kisha anarudi kitandani, ndipo nami nasogea.
Hivyo ndivyo tulivyokula.
"Nyuki wa miyombo," alisema, "hawajui karantini."

Usiku wa tisa akakohoa.
Nikahesabu kama ninavyohesabu risasi:
moja, moja, halafu mfululizo.
Wakaja wanne wenye mavazi meupe,
sikumtambua hata mmoja, wala kwa sauti.
Alipopita akanyoosha kidole,
kwangu au kwenye kidumu, sijui.

Siku ya kumi na moja walilichoma godoro.

Siku ya kumi na nne Kapteni akasoma jina langu.
Akaziangalia sufuria, akaangalia ukutani.
"Zichemshwe," akasema. "Halafu mimi sijaziona."
Kidumu hakukitaja, wala sikumkumbusha.
Miaka kumi na tisa jeshini sijawahi kuvunja amri.
Nilikiosha nje kwa jiki, mara tatu,
mara ya nne, mpaka vidole vikachubuka.

Mwavita alisimama ng'ambo ya barabara,
barakoa yake imeshonwa kwa kitenge cha harusi yetu.
Hakusema pole, hakusema karibu. Alihesabu.
"Sita," akasema. "Na hiki cha nani?"

Jumapili napanda treni, nashukia Kaliua.
Asali imebaki nusu.
Njia nzima, Uvinza, Malagarasi, nitakuwa nawaza
nimwambie nini kwanza mama yule:
kwamba nusu ya pili tuliila pamoja,
au kwamba mwanawe
sikuwahi kumshika mkono.