Domomwiko

Kazi yangu ni kuwinga.
Tangu mpunga utie maziwa mpaka siku ya kukata
nakaa juu ya dungu, teo mkononi,
na debe la mafuta ya taa nimelifunga kamba:
nikivuta linalia, minana wanainuka
kama makapi kwenye ungo.
Sina urafiki na kitu chenye mbawa.

Jumanne, kipupwe, umande bado haujakauka,
naona cheupe kimesimama bonde la chini, Mjananza,
pale wanapovukia ng'ombe wa Faki Mchanga.
Nikasema yangeyange.
Lakini yangeyange hawi hivi:
miguu myekundu, uso mwekundu,
na mdomo
(nilifikicha macho)
mdomo ni mwiko.
Mwiko wa pilau ya harusi, umebapa ncha,
anakoroga maji kulia, kushoto,
kulia, kushoto,
mpishi asiye na haraka na mtu.

Jiwe lilikuwa limo kwenye teo.
Nilikwisha lizungusha mara mbili.
Mkono ukashuka wenyewe.

Nikamwita Mgeni, jirani yangu wa tuta.
Mgeni akamwita Bikombo. Watoto wa Bikombo
hawakungoja kuitwa.
Tukachutama, matope vifundoni, tukagombana kwa kunong'ona:
katoka mrima, kapotea.
La, ni masika haya yaliyokataa kwisha.
La, kwao kumeingia maji ya chumvi, kama kwa shangazi
aliyeacha majaruba sita akaenda kuuza mkaa.
Zume, wa miaka mitano, akasema tu: Domomwiko.
Faki akasema, ana nyama yule.
"Kushasemwa mwiko," Bikombo akamjibu,
na Faki akatazama miguu yake.

Siku mbili akawa mgeni wetu.
Siku ya tatu desturi inajulikana,
ila nani atampa jembe
aliyekuja na mwiko wake?

Minana nao, hawana mshangao wale,
walinilia pembe nzima ya jaruba.
Niliwasikia. Masikio hayana kope.
Pishi tatu, labda nne.
Jioni mume wangu akauliza, "Debe leo halikulia?"
Nikamwambia kamba imekatika.

Ijumaa maji yalikuwa matupu.
Kwenye tope zimebaki nyayo,
vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
na Mgeni, bila kusema neno,
ameifunika moja kwa sufuria
ng'ombe wasiikanyage.