Kifuniko

Kilianguka mara moja tu, kifuniko cha sufuria,
hapa Nakivale, mwezi wetu wa pili,
nami nikajikuta chini ya kitanda
nimemkandamiza Asukulu sakafuni,
kiganja changu kikiziba kinywa chake.
Alikuwa na miaka mitano.
Tulipotoka, kwa aibu, nikampiga.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ina adabu.
Vijiko vinalala juu ya kitambaa.
Mwanangu hutua sufuria
kama mtu anayelaza mtoto mchanga.
Mlangoni amepachika kipande cha kandambili
ubao usigonge fremu.
Nami nikajisifu kwa majirani: huyu kalelewa.

Jumanne, chini ya turubai la kanisa,
wazazi kumi na wawili (wengine tumefuata sabuni),
Mama Kyomuhangi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza,
akauliza: Mtoto wako anajua nini vizuri?
Nikasema: Kunyamaza.
Hakuandika. Aliizungusha kalamu vidoleni.
"Na nani amemufundisha?"

Wakanifundisha kupumua. Mimi, mtu wa miaka arobaini na mmoja!
Hesabu nne ndani, sita nje.
Nilicheka. Kwetu hata kuku hupumua bila mwalimu.
Usiku nikajaribu gizani;
Namwezi akadhani nalia.
Hakukosea sana.

Wiki ya tano nikamwita mtoto uani.
"Leta kifuniko. Kiangushe."
Akanitazama kama anayetazama mtego.
Akakiweka chini taratibu, kwa mikono miwili.
"Sivyo. Kiachilie."

Kikalia juu ya jiwe.
Moyo wangu ulikimbia mpaka Fizi, ukavuka ziwa,
ukapita kwenye ile nyumba, sikuufuata.
Nilibaki hapa, nimekumbatia mgomba wa watu,
nne ndani, nje moja, mbili, tatu,
nikaanza upya.
"Baba," akasema Asukulu, "ni sita."

Sijapona. Jana nimemfokea mbuzi wa jirani
hadi nikaiogopa sauti yangu.
Ila jioni hii, taa ya sola ikififia,
nyuma ya nyumba kuna mtu anaosha vyombo
ovyo ovyo, sahani juu ya sahani,
kelele tupu,
huku akiimba wimbo wa shule wa Kinyankole
ambao nusu yake haijui.

Namwezi anataka kumkemea.
Namshika mkono.