Mchora Mistari

Waliturushia picha mbili ukutani:
ya kwanza uwanja wa wazi, majukwaa pande nne,
nyasi za kijani kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona Lamu;
ya pili ukumbi uliofunikwa,
bati la buluu, feni, taa,
sakafu inayong'aa kama sahani ya harusi.
Fedha ni moja, akasema afisa. Chagueni.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango.
Kucha zangu zina chokaa isiyotoka kwa sabuni.
Miaka kumi na tisa nachora mistari ya uwanja wa mchanga,
kila Ijumaa baada ya sala,
kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu,
kamba, na vigingi vinne.
Kabla ya chokaa natoa mavi ya punda.
Baada ya chokaa punda hurudi.
Huo nao ni mchezo, na sijawahi hata kutoka sare.

Famau, kocha wa Langoni, alisimama kwanza.
"Majukwaa! Timu za Mpeketoni zikija twaona haya.
Mpira ni jua. Mtoto wa chini ya bati
atakuwa kuku wa gredi."
Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Lakini namjua Famau tangu hajaota jino la pili.
Alijifunzia kwenye kichochoro kipana kama mikono miwili,
mpira ukigonga jiwe la matumbawe, ukimrudia,
mpira usiotoka nje kwa kuwa nje hakuna.
Goli lilikuwa mlango wa Bi Zena, na maji ya Bi Zena yalikuwa refa.
Mji mzima huu ni ukumbi
uliokosa bati tu.

Kisha akasimama Somoe, mlinda lango wa wasichana,
glavu za kaka yake zimekunjwa mkononi.
"Sisi twateza saa kumi na mbili asubuhi.
Jioni uwanja una wenyewe, na ukuta umejaa mato.
Ukumbi una mlango.
Mlango wafungwa kwa ndani."
Akakaa.
Hapo ndipo tulipoisikia feni.

Sikusema kwamba huko ndani mistari hupakwa rangi mara moja,
mchoraji akaenda zake.
Sikusema kwamba mwaka ule mvua ya masika ilipoinywa chokaa yote
refa aliniita katikati ya ugomvi: boksi lilikuwa wapi?
Nikaonyesha kwa kidole cha mguu,
na timu zote mbili zikaniamini.
Mtu hapewi kitu kama hicho mara mbili.

Wakagawa fomu. A au B, tia alama.
Maoni mengine: mistari mitatu.
Mimi nikaandika minne:

*Uwanja u hadharani, ukumbi una mlango,*
*Wavulana wa juani, wanalo tayari lengo,*
*Kwa Somoe wa golini, bado liko wazi pengo,*
*Basi anzieni ndani, jua halijengwi jengo.*

Afisa akaisoma, akatabasamu, akaigeuza.
"Mzee, hukutia alama.
Fomu isiyo na alama haihesabiwi."
Kalamu yake alikuwa ameshaifunga.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu
nikihesabu kitu kingine.
Ijumaa nachora. Usiku punda wanafuta.
Jumamosi asubuhi wasichana wanacheza.
Miaka kumi na tisa,
na mstari wangu haujawahi kuwafikia.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
nilikuwa uwanjani na kopo, tochi mdomoni.
Nilianza na boksi la upande wa Somoe.
Alipofika hakunisalimu, wala sikumlaumu.
Aliukanyaga mstari kwanza, taratibu,
kama mtu anayejaribu ngazi
kabla hajaipa uzito wake wote.