Mkokoteni

Ijumaa walitupa chai, chapati mbili na alasiri moja:
semina ya kutufunza kufunza.
Projekta ilizima mara tatu.
Niliandika, Moja: uliza. Mbili: nyamaza.
Tatu ikakatwa na simu ya wodi.

Jumatatu, saa moja kasorobo, Julai ya Nairobi,
baridi imepanda nasi kwa ngazi hadi orofa ya saba
kwa kuwa lifti, kama kawaida yake, haitaki watu.
Wanafunzi watano wananisubiri. Makoti yao
bado yana mikunjo ya dukani.
Wananiita daktari, nami nageuka
kumtafuta anayeitwa.

Nilisimama papo hapo walipo.
Bingwa wetu alikuwa na njia yake:
swali, kimya, kisha jina lako zima mbele ya wagonjwa,
jina la baba likivutwa kama kamba ya ng'ombe.
Siku moja faili langu liliruka vitanda viwili
likatua kwenye bakuli la uji.
Ugonjwa ule sikuusahau, ni kweli.
Lakini sikuuliza swali tena mwaka mzima,
na niliyokosa kuuliza
mengine nilikuja kujifunza kwa miili ya watu.

Kitanda cha kumi na moja: Bi Nyaboke,
muuza mitumba wa Gikomba, miaka arobaini na sita,
kilango kimoja cha moyo kimekazana
tangu homa ya utotoni.
"Unasikia nini?" namwuliza Ghati.
Stethoskopu mpya inatetemeka.
"Moyo... wa kawaida, daktari."

Hapo nikamsikia bingwa wetu kooni mwangu
akisafisha sauti, akitafuta jina la baba yake Ghati.
Kumbe alihamia zamani, halipi kodi,
alingoja tu nipate wa kuwafokea.

Nikanyamaza. Si kwa hekima, kwa woga.
Mashine ya oksijeni ikahesabu badala yangu.

Bi Nyaboke ndiye aliyesema:
"Mwache mtoto asikilize tena. Mimi sina pa kwenda."
Akalalia ubavu wa kushoto bila kuambiwa,
maana amefunza wengi kunishinda,
akaushika mkono wa Ghati, akauweka mahali pake.

"Mpigo usiutafute," nikasema, "huo umeupata.
Sikiliza kati ya mpigo na mpigo.
Umewahi kuamka Ngara kabla ya magari,
ukasikia mkokoteni, mbali, una viazi,
kwenye lami iliyochanika?
Huo. Chini kabisa. Unakuja, haufiki."

Akafumba macho.
Uso wake ukafunguka taratibu, tukiutazama
sisi watano, na mwenye moyo wa sita.
"Upo," akanong'ona. "Mkokoteni upo."
Bi Nyaboke akacheka hadi akakohoa:
"Na mimi ndiye nausukuma miaka yote hiyo!"

Kisha Lemayian, aliyejificha nyuma, akauliza
kwa nini kwa wengine mvumo hufifia
ugonjwa unapozidi.
Nikafungua kinywa, nikakuta hamna kitu.
"Sijui."
Silabi tatu. Ningebeba mtungi wa oksijeni
ngazi zote zile kuliko kulitoa neno hilo.
"Kesho nitakuja na jibu. Au nitakuja kukiri tena."

Sasa ni usiku, chumba cha zamu, taa moja inapepesa.
Kesho pia niwafunze kutoa habari mbaya.
Mimi alinifunza nani?
Wangu wa kwanza nilimwambia koridoni,
nimesimama, jicho kwenye saa.
Alinishukuru. Hilo ndilo lisilonitoka.

Napanga viti viwili. Nakalia kimoja.
Cha pili nakivuta karibu, kinakwaruza sakafu.
"Naitwa..." Naacha. Naanza tena.

Kipyego anaingia, viatu mkononi.
Namwuliza, ile ya tatu, Ijumaa, ilikuwa nini?
Anasema alikuwa amelala.
Anakitazama kiti. Ananitazama.
Anakaa.
"Haya," anasema, "niambie."